Mashapo ya Miraji

Vikombe viligongana tena jikoni, ka-ka-ka, haraka haraka, na Mastura akajua saa ya kahawa imefika. Hakushtuka. Siku za mwanzo alishtuka kweli, akasoma Ayatul Kursi mpaka koo likamkauka, lakini mtu huzoea. Alijikokota kutoka kitandani, mkono mmoja ameshika tumbo, akaenda kumpashia marehemu kahawa yake.

Marehemu mwenyewe ni Miraji, muuza kahawa wa mtaa wa Bondeni, mtu wa asili ya Mombasa ambaye babu yake aliletwa Nakuru na kazi ya reli. Alikuwa na dele, lile birika refu la shaba linalokaa juu ya jiko lake dogo la makaa, na vikombe viwili vya kaure visivyo na masikio ambavyo alivigonganisha mkononi akitembea. Watu hawakuhitaji kumwona. Wakisikia tu ile ka-ka-ka kutoka kona ya msikiti, wa boda boda walizima pikipiki, mafundi waliacha cherehani, na wazee wakaanza kubishana siasa hata kabla hawajamiminiwa. Jioni kahawa ikiisha alivigonga mara moja tu, ka, kwa nguvu, kisha akavifudikiza juu ya meza yake ndogo. Hapo hata ungemwaga machozi ya damu hupati tone. Biashara imefungwa, nendeni kwa wake zenu.

Tena alikuwa na lake moja ambalo Mastura alilipigia kelele tangu aolewe. Hakuwa akimaliza kahawa yote. Aliacha kidogo chini pamoja na mashapo, kesho yake anaongeza maji na buni juu yake, eti hiyo ndiyo mbegu ya ladha. Mastura akimwambia huo ni uchafu, yeye anacheka na kumuuliza mbona mahamri yake nayo yana chachu. Lakini haki ya mtu isemwe: kila Ijumaa asubuhi dele lilimwagwa lote, likasuguliwa kwa majivu na ndimu, na kazi ikaanza upya.

Miraji alikufa Alhamisi. Aliinama kupuliza makaa pale jikoni kwake, akakaa chini taratibu, basi. Dele lilikuwa nusu, na vikombe vilikuwa wazi.

Baada ya mazishi, watu walipotawanyika, Mastura alilikuta dele pale pale. Alitaka kulimwaga, mkono ukakataa. Kahawa ile ilikuwa imepikwa na Miraji, na Miraji hatapika nyingine. Akaipasha, akanywa kikombe kimoja, akamsikia mumewe ulimini kama yuko pale. Akaongeza maji na buni juu ya yale mashapo. Kesho yake akafanya vile vile, akakaa eda nzima akifanya vile vile, na eda ilipokwisha hakuacha. Ijumaa zilikuja na kupita, na dele halikuonja ndimu.

Ni katikati ya eda ndipo vikombe vilipoanza kugongana. Akiingia jikoni anavikuta juu ya rafu, vimetulia, lakini harufu ya karafuu iliyokuwa ikikaa kwenye kanzu ya Miraji imejaa chumba kizima. Basi anamimina viwili, chake na cha mwenzake. Cha mwenzake kikipoa anakinywa yeye, maana kumwaga hawezi.

Kahawa yenyewe sasa ilikuwa imegeuka. Ilikuwa chachu, inakwaruza koo ikishuka na kulikwaruza tena ikipanda. Kiungulia kilimkesha. Alikonda mpaka bangili zikawa zinateleza. Binti yake Umaima, anayesuka nywele mjini na kurudi jioni, akimuuliza, Mastura anasema ni joto, mara ni maharagwe, mara ni jicho la watu. Uongo mtupu, na mwenyewe alijua.

Siku moja akiwa uani anaanika nguo alitapika kitu cheusi chenye chembechembe, kama mashapo hasa, akaanguka. Jirani yake Wamaitha ndiye aliyemwona. Alimpigia Umaima simu, wakamkimbiza hospitali, na huko daktari akawaambia bila kupindapinda kwamba tumbo lina vidonda na vimeanza kuvuja damu. Akivuja tena namna ile, hakuahidi chochote. Kahawa aiache, na kama hawezi kabisa, atafute isiyo na asidi nyingi, anywe kidogo, tena akiwa ameshakula.

Waliporudi nyumbani, Umaima alikwenda moja kwa moja jikoni, akafunua dele, akarudi nyuma akiwa ameziba pua. Alilibeba kwenda kulimwaga. Mastura, ambaye dakika ile ile alikuwa hawezi hata kukaa, alisimama mlangoni.

"Ukilimwaga hilo, usiniite mama tena."

Umaima aliliweka chini. Machozi yalimtoka lakini sauti haikutetemeka.

"Mama, baba nimeshamzika. Sitazika mtu mwingine kwa sababu ya mashapo."

Akatoka zake. Mastura alibaki amekaa sakafuni amelikumbatia dele la watu, mwanamke mzima, akilia kwa hasira na kwa aibu pia, maana mtoto alikuwa amesema kweli.

Wamaitha alikuja kesho yake na uji. Ni mtu wa Bahati, kule nje ya Nakuru, mjane mwenzake, mwenye mdomo mkali na moyo mwepesi, na yeye mwenyewe aliwahi kusumbuliwa na kiungulia miaka mpaka akabadilisha kahawa. Alimweleza Mastura kwamba kahawa haina haja ya kuachwa, ni kuijua tu. Kule kwao shambani wana buni, atamletea. Mastura alimsikiliza weee, kisha yakamtoka yote: vikombe, karafuu, kikombe cha pili. Alisema akimwaga kile kilichomo ndani ya dele, Miraji hatakuja tena. Alingoja achekwe.

Wamaitha hakucheka. Aliuliza Miraji akija huwa anasema nini.

"Hasemi. Anagonga vikombe."

"Anagonga aje? Ile ya kufunga ama ile ya kuita?"

"Ya kuita."

Wamaitha alikoroga uji.

"Kahawa uko nayo kwa mkono, na bado anaita. Sasa anakuita uende wapi, Mama Umaima?"

Siku zote hizo Mastura alidhani anamkaribisha mumewe nyumbani. Haikuwahi kumpitia akilini kwamba yeye ndiye anayekaribishwa. Na lililomtisha zaidi, akijisema kweli, ni kwamba wazo lile halikumchukiza. Alikuwa amechoka. Lakini moyoni alimwona tena Umaima amesimama mbele ya dele, machozi yanamtiririka, na wazo la kumwacha mtoto yule peke yake na nyumba hii likamuuma kuliko tumbo.

Ijumaa asubuhi alilibeba dele mpaka uani, akapiga bismillahi, akamwaga. Ilitoka taratibu, nyeusi, nzito, na harufu yake ikawakimbiza kuku. Chini kulikuwa na utando mgumu ambao ilibidi aukwangue kwa kijiko. Alisugua kwa majivu na ndimu mpaka shaba ikang'aa, huku anamwambia Miraji amsamehe, huku anamtukana kwa kufa bila kuaga. Lakini Mastura ni Mastura. Kabla ya kukwangua alikuwa amechota mashapo kidogo, akayatia kwenye chupa ya jemu, akaificha nyuma ya debe la unga. Hakumwambia mtu.

Alasiri ile vikombe havikugongana. Wala kesho yake.

Wamaitha alileta buni na wakaikaanga pamoja, muda mrefu, mpaka ikawa nyeusi na kuanza kutoa mafuta, kwa sababu ile inayotolewa motoni mapema ndiyo yenye ule uchachu. Waliitwanga kinuni lakini si laini, iwe ya kukwaruza kidole. Haikuchemshwa. Asubuhi Mastura aliiroweka kwa maji baridi, akaifunika, akaiacha kutwa, na alasiri akaichuja kwa kitambaa, akaipasha tu ipate moto bila kutokota, na iliki mbili ndani. Alikula kwanza, kama alivyoambiwa, kisha kashata, kisha akamimina.

Alikuwa ameshajiandaa kuichukia. Kahawa gani hii inayorowekwa kama kunde? Akanywa. Ilishuka polepole, haikugombana na koo, na nyuma yake ikabaki ladha ya sukari iliyoungua na ya njugu za kukaangwa, ikakaa ulimini kwa raha zake. Uchungu wake ulikuwepo, ule wa haki, ila ukali ulikuwa umekwenda. Akanywa tena. Ilikuwa tamu, jamani, tena tamu kuliko ya Miraji, na alipojikuta anawaza hivyo alikiweka kikombe chini na kulia kwa sauti.

Tumbo lilianza kupoa. Alilala usiku, bangili zikaanza kukaa. Umaima akaanza tena kucheka nyumbani, akawa anaomba naye amiminiwe. Lakini kila alasiri Mastura alikaa jikoni ametega sikio, na kila alasiri nyumba ilikuwa kimya, haina karafuu, haina mtu. Kimya kile kilimuua. Alipokuwa mgonjwa alikuwa na mume. Sasa amepona, ni mjane, tena mjane kweli kweli, kama vile habari ya kifo imemfikia leo.

Hatimaye alishindwa. Ilikuwa Alhamisi, Umaima yuko kazini, Wamaitha ameenda Bahati. Mastura alisogeza debe la unga, akatoa chupa ya jemu, akawasha moto na kuteleka sufuria ndogo ya maji. Alijiambia ni kikombe kimoja tu, amsikie mara moja, amuulize anataka nini. Alijua daktari alivyosema, na alijua vizuri kwamba kimoja hakitakuwa kimoja. Alifungua kifuniko. Ule uchachu ukampanda puani, na papo hapo chumba kikajaa karafuu.

Nyuma yake, kwenye rafu, vikagongana.

Ka.

Mara moja tu, kwa nguvu.

Mastura alisimama hapo, chupa mkononi. Alingoja iendelee. Haikuendelea. Maji yalianza kuchemka na bado hakugeuka, kwa sababu aliujua mlio ule miaka yote ya ndoa yake, na hakutaka kuwa ameusikia. Alipogeuka, hakukuwa na mtu. Vikombe vilikuwa kwenye rafu, pamoja kama kawaida. Kimoja kilikuwa kimefudikizwa. Cha pili kilikuwa wazi.

Alivitazama mpaka maji yakakaribia kukauka.

"Sawa, Miraji," alisema. "Umefunga."

Akazima moto. Alikwenda uani akamwaga mashapo pale pale alipomwaga yale mengine, akaisuuza chupa, akarudi. Kahawa aliyoiroweka asubuhi ilikuwa ikimngoja. Aliichuja, akaipasha, akaimimina kwenye kile kikombe kilichoachwa wazi, na akainywa taratibu huku machozi yakimwingia mdomoni. Harufu ya karafuu iliondoka kidogo kidogo, na yeye hakuikimbilia.

Jioni Umaima alirudi, akaanza kukusanya vyombo avioshe. Alinyoosha mkono kwenye rafu kukigeuza kile kilichofudikizwa.

"Hicho kiache," Mastura akamwambia. "Cha baba yako kimefungwa. Nipe changu."