Jumatano Verna Alipomtoa Kelsie

Verna Stidham aliahidi mwenyewe, kwa mdomo wake, mbele ya mji mzima. Hakuna aliyemlazimisha.

Ilikuwa miaka miwili nyuma, halmashauri ya Tolliver ilipoketi kuamua kama nyumba ya zamani ya mchungaji igeuzwe kuwa soba, nyumba ya wanawake wanaoacha dawa za kulevya. Tolliver ni mji mdogo wa milimani, mashariki ya Kentucky. Migodi ya makaa ilifungwa, wachimbaji wakabaki na migongo mibovu na vidonge vya maumivu, na vidonge vilipoadimika ukaingia unga, yaani heroini. Ukumbini mle hamkuwa na mtu ambaye hajazika mtu wake kwa ajili hiyo. Hata hivyo walipiga kelele.

"Mnatuletea mateja mlangoni!"

"Wanangu wanapita pale kwenda shule!"

Verna akasimama. Alikuwa ametumia unga miaka kumi na moja kabla ya kuacha, na waliomjua walikuwa wengi kuliko wasiomjua.

"Dwight," alimwita mwenyekiti, "ile mashine ya kukatia majani ya baba yako, mimi ndiye niliyeiba."

"Tulijua, Verna," Dwight Caudill akajibu, na ukumbi ukacheka kwa mara ya kwanza.

"Basi msikilizeni mwizi wenu. Atakayetumia unga ndani ya nyumba ile, anatoka. Si kesho. Siku hiyo hiyo."

Kwa maneno hayo wakampa nyumba. Dwight aliyaingiza kwenye kibali kama yalivyotamkwa. Tena watu wale wale waliopiga kelele wakaja kusaidia: huyu akaziba paa, yule akaleta vitanda, akina mama wa kanisa wakaleta masufuria na mablanketi. Verna akaona ahadi yake imezaa, akajisifu moyoni.

Kelsie Mullins aliletwa mwezi Machi kutoka jela ya wilaya. Alikuwa na miaka ishirini na sita, mwembamba, mdomo haujui kutulia. Alikulia kwa bibi yake, Opal, kule bondeni. Wiki ya kwanza tu alishaanza kumchokoza msimamizi wake.

"Dada Verna, hii supu umepika au umefulia soksi?"

"Kula unyamaze."

"Nakula. Nauliza tu, nisije nikala sabuni."

Alikaa safi miezi saba, hakugusa unga. Alipata kazi jikoni kwenye nyumba ya wazee, na wazee walimpenda kwa sababu aliwatukana kidogo kidogo kama wajukuu wao. Verna hakuwahi kumwambia, lakini miongoni mwa wanawake sita waliokuwa mle, yeye ndiye aliyemwekea tumaini.

Jumatano moja ya Oktoba, baada ya kifungua kinywa, mlango wa bafu haukufunguliwa. Verna aliuvunja kwa bega. Kelsie alikuwa chini, kichwa kimeegemea beseni la kuogea, midomo ya bluu. Verna akampulizia puani dawa ya kumzindua aliyezidisha unga, akangoja, akampulizia tena, huku akimpiga makofi na kumwita jina. Mwishowe kifua kikapanda. Gari la wagonjwa lilipofika Kelsie alikuwa ameketi, na alikataa katakata kupanda.

"Nimeharibu," alisema. "Eti nimeharibu, dada?"

"Nani kakupa?"

"Inasaidia nini ukijua?"

Verna alipiga simu hospitali ya wilaya jirani, wanakotoa mateja sumu mwilini. Kitanda kitapatikana Ijumaa, walimwambia. Akampigia Dwight.

"Siku mbili tu. Nitalala mlangoni kwake, Dwight. Nitamfunga kamba kama ng'ombe."

Dwight hakuwa mtu mbaya; alimzika mdogo wake mwaka ule ule nyumba ilipofunguliwa.

"Gari la wagonjwa limeonwa na mtaa mzima, Verna. Simu yangu haijapoa tangu saa mbili. Nikikupa hizo siku, Jumatatu wanakuja na sahihi za kuifunga nyumba. Una wanawake watano humo. Utawapeleka wapi?"

"Kwa hiyo nimtupe?"

"Mimi sikusema hivyo. Wewe ndiye uliyesema."

Verna alitia nguo za Kelsie kwenye mfuko mweusi wa takataka, maana mfuko mwingine haukuwapo. Wale watano walisimama kwenye ngazi wakitazama, wala hakuna aliyeaga. Njiani kwenda kwa Opal, Kelsie alitetemeka, akacheka, akalia, akaomba sigara.

Opal hakuwepo. Ilikuwa siku yake ya kusafishwa damu kwa mashine, maana figo zake zilikuwa zimechoka, na angerudi alasiri. Verna alisimama kwenye kibaraza na ufunguo wa gari mkononi, akiwafikiria wale watano aliowaacha peke yao, mmoja wao akiwa na siku tatu tu za usafi.

"Nenda bwana," Kelsie akasema. "Mi si mtoto."

"Apa kwamba hutatoka."

"Naapa. Nenda, kabla hawajakuibia hayo masufuria ya kanisa."

Verna alimwachia chupa ya dawa ya puani, akaondoka.

Opal alimkuta saa kumi, kwenye kochi, viatu miguuni. Chupa ilikuwa mezani, haijafunguliwa. Dawa ile haimfai mtu aliye peke yake. Lazima awepo wa kukupulizia. Na mwili uliokaa safi miezi saba haukuweza tena kuhimili kipimo cha zamani.

Makaburini Verna alisimama nyuma ya wote. Opal alimfuata huko huko, akiburuta mguu.

"Ulimwacha kwenye kibaraza changu kama kifurushi," alisema. "Ungeningoja. Masaa matano tu, Verna. Ungekaa naye ukaningoja."



Mwezi uliofuata alirudi ukumbini, akaomba ahadi ibadilishwe: anayeanguka asitolewe mpaka kitanda cha hospitali kipatikane. Mama mmoja aliyezika wanawe wawili aliinuka akampinga, akilia. "Mkilegeza, wote watakufa," alisema. Kura zikawa tatu kwa mbili. Ahadi ikabaki ilivyo. Dwight alikuwa mmoja wa wale watatu, na hakumtazama usoni. Verna akaweka funguo mezani.

Msimamizi mwingine aliletwa kutoka wilaya ya jirani. Verna alirudi kwenye nyumba yake ya vyumba viwili nyuma ya duka la matairi, akaweka kitanda sebuleni, akatuma neno: atakayetolewa soba, aje hapa. Wa kwanza alikuja, akalala kutwa, akatoroka na redio. Kilichompata hakijulikani mpaka leo. Wa pili aliitwa Tabitha, na alikuja Jumatatu akiwa kwenye arosto kali, yale mateso ya kukosa unga: jasho, matapishi, mifupa inauma kama imevunjwa.

Asubuhi ya siku iliyofuata mlango ukagongwa. Alikuwa Opal, ameshika sufuria kwa mikono miwili.

"Sijakusamehe," alisema.

"Najua, mama."

"Nisikilize vizuri. Sijakusamehe, na sidhani kama nitakusamehe. Nimeleta maharage na mkate wa mahindi. Nani yuko ndani?"

"Tabitha. Binti wa yule fundi wa mabomba. Hakuna kinachokaa tumboni."

"Kitanda chake lini?"

"Ijumaa."

Opal aliingia bila kukaribishwa, akaweka sufuria jikoni, akaitazama sebule. Tabitha alikuwa amejikunja ukutani, anasaga meno.

"Wewe umelala lini?" Opal akamuuliza Verna.

"Sijalala."

"Nenda kalale. Figo zangu ni kesho, leo nipo."

Verna alitaka kusema neno, Opal akamgeuzia mgongo. Kikongwe alivuta kiti hadi kando ya kitanda, akaketi kwa shida, akachovya kitambaa kwenye beseni na kumfuta binti yule usoni. Tabitha akamtukana. Opal akakamua kitambaa, akachovya tena.