Ng'ombe Waliorudi Bahi

Paulina alipofariki kwa uzazi, baba yake, mzee Bartolomayo, alimchukua mtoto, Elieth, akamlea nyumbani kwake Mkonze. Ukame ulipokaza, alimrudishia mkwewe Yotham, kule Bahi, ng'ombe wote wa mahari. Alisema anamfariji mfiwa. Yotham aliwapokea kwa furaha, akaita majirani waje kuwatazama.

Miaka ikapita. Elieth alipoanza shule, Yotham alimvizia getini, akampakia kwenye bodaboda. Polisi waliwakuta Bahi, baba akimtolea mwanawe miiba ya samaki.

Shtaka lilikuwa kuiba mtoto, na kifungo chake hufika miaka saba. Wakili alimweleza kwamba damu peke yake haitamwokoa, maana mahakama ilikwisha kumpa babu malezi. Utetezi uliobaki ni mmoja: kwamba alimchukua akiamini kwa moyo safi kuwa ana haki naye. Yotham alisema hilo yuko tayari kuliapia.

Siku ya kujitetea, wazee wa Bahi walijaza mabenchi. Yotham aliapa, akaeleza vizuri, na hakimu akawa anaandika bila kukunja uso. Ndipo mwendesha mashtaka akasimama, akamuuliza kama mahari ilirudi. Akakubali.

"Wewe ni Mgogo?"

"Mgogo wa kuzaliwa."

"Mgogo akipokea mahari iliyorudi, mtoto ni wa nani?"

Wakili alikuwa amemfundisha kujibu kwamba hajui kila atakapobanwa. Lakini wazee walikuwa nyuma yake, na mwanamume asiyejua mambo ya ng'ombe, kwao, hakaribishwi hata kwenye pombe.

"Wa ukweni," akasema.

"Ulilijua hilo siku unampakia kwenye bodaboda?"

"Nani asiyelijua?"

Mzee mmoja alicheka puani. Wakili akafunga jalada lake.

Hakimu alisema mtu hawezi kuamini kwa moyo safi jambo analojua mwenyewe kuwa si kweli. Akamfunga miaka mitano.

Mlangoni, Yotham alimwita Elieth. Mtoto hakugeuka. Alikuwa amemshika Bartolomayo mkono, akimwomba soda, na akimwita baba.

Mzee alimsogelea mkwewe, akazitazama pingu.

"Usihofu, mkwe," akamwambia kwa upole. "Kesho nitawafuata wale ng'ombe. Wasije wakakosa mchungaji."