Chandarua cha Bi Fartun

Zitangulie sifa za Mola, Mwenye kulichomoza jua na kulichwesha kwa amri Yake, na rehema na amani zimfikie Mtume na jamaa zake waliotakasika. Baada ya sifa, wawekwe watu mahali pao. Wa kwanza ni Bi Fartun, aliyefariki alfajiri huko mjini Wote nyumbani kwa bintiye, akaoshwa, akakafiniwa, akalazwa kwenye jeneza nyuma ya Landkruza. Wa pili ni Anab, binti huyo, aliyeketi ubavuni mwa jeneza. Wa tatu ni Kyule, mwenye duka Kyuso na shemasi wa kanisa lake, jirani wa marehemu tangu ujana, aliyekuja kumjulia hali akakuta anasomewa Yasini. Wa nne ni Ahmednur, mwana wa marehemu, mchuuzi wa mifugo, aliyeshika usukani na ahadi.

Ahadi yenyewe ilikuwa hii. "Mwanangu," Bi Fartun alimwambia, "nikifa usiniache nilale usiku hata mmoja juu ya ardhi. Nipeleke Kyuso, unilaze karibu na baba yako, jua lingali mbinguni." Naye akaitikia.

Ulikuwa mwezi wa Februari, na joto la Ukambani lilikuwa limefungua mdomo. Walipoupita mji wa Kitui wakawakuta vipepeo weupe wakivuka barabara, wote wakielekea upande mmoja, hawana mwanzo wala mwisho.

"Pole pole, kaka," akasema Anab. "Mama hakuwakata njia hata siku moja. Alisema hao ni wasafiri, wapishwe."

"Leo msafiri ni yeye," akajibu Ahmednur, akakanyaga mafuta. Mabawa yakaipiga pua ya gari kama mvua isiyo na sauti.

Baada ya Mwingi akashika njia ya mkato inayopita kwenye mto mkavu. Gari likazama mchangani hadi nusu ya magurudumu, likaguna, likapanda. Mshale wa joto nao ukapanda, ukaingia kwenye wekundu. Ahmednur akazima injini.

Hakugusa kifuniko cha rejeta, inayopoza maji ya injini, mpaka moto ulipopungua. Aliwahi kumwona mtu akiungua uso kwa pupa hiyo. Alipokifungua kwa kitambaa, maji yalikuwa tele. Hayakuwa na mafuta juu yake, na injini ilipowashwa hayakutoa mapovu. Basi gasketi, inayotenga maji na mafuta ndani ya injini, ilikuwa salama, naye akamshukuru Mola, kwa kuwa hilo ndilo aliloliogopa. Mkanda wa feni ulikuwa umekaza na feni ilizunguka. Akakaribisha kiganja kwenye mpira wa juu wa rejeta, kisha wa chini: yote miwili ilikuwa ya moto.

"Maji yanazunguka," akasema, "lakini hayapoi. Kwa nini hayapoi?"

"Unaniuliza mimi muuza sukari?" akasema Kyule, akijipangusa jasho. "Wewe sokoni hununui ng'ombe kabla hujamfungua kinywa. Hili nalo lifungue kinywa, bwana, badala ya kulipapasa tumbo tu!"

Ahmednur hakucheka, lakini neno lilimwingia. Akaenda mbele, akatandaza kitambaa chake juu ya wavu wa pua ya gari huku feni ikizunguka. Kama upepo ulikuwa ukivutwa, kitambaa kingeganda. Kikaanguka miguuni pake.

Akazima, akaung'oa wavu, akamulika kwa simu kwenye uwazi mwembamba kati ya rejeta na ile ndogo ya kiyoyozi iliyo mbele yake. Akarudi nyuma hatua moja.

"Kuna nini?" akauliza Anab.

"Njoo uone."

Uwazi wote ulikuwa mweupe. Mabawa yalikuwa yamelaliana, bawa juu ya bawa, yakawa shuka moja iliyoziba kila tundu. Na kila bawa lilikuwa na mishipa myeusi iliyonyooka kama mwandiko wa kalamu ya mwanzi. Kiumbe ambaye pumzi ya mtoto humpeperusha alikuwa ameisimamisha injini ya chuma.

"Subhanallah," akanong'ona Ahmednur.

"Asi!" akamaka Kyule kwa Kikamba, akavua kofia.

Wakamimina maji ya madumu kutoka upande wa injini, ili yasukume uchafu kule ulikotoka, na mabawa yakashuka kidogo kidogo mchangani. Kitambaa kilipojaribiwa tena, kiliganda kama kimegundishwa. Lakini walipoinua macho, mto mzima mbele yao ulikuwa mweupe: vipepeo walikuwa wamewafikia. Jua lilikuwa limekwisha kuinama.

Ahmednur akatazama jua, akatazama jeneza. Akikimbia, gari litaziba tena. Akingoja, ahadi itavunjika.

Anab akafungua furushi la mama yake, akatoa chandarua, kilichofuliwa mpaka kikawa laini kama moshi. "Upepo utapita," akasema. "Wao hawatapita. Ila uende mwendo wa mama, kaka, si wako."

Kyule akakifunga mbele ya pua ya gari. Ahmednur akaondoa gari taratibu, mwendo wa mtu anayemshika mama yake mkono. Vipepeo wakawafungukia kulia na kushoto. Wengine wakatua kwenye chandarua, wakasafiri nao. Mshale wa joto ukatulia katikati, usipande tena.

Waliingia Kyuso jua likiwa kimo cha mikuki miwili. Watu wa msikitini na watu wa kanisa la Kyule walikuwa wamesimama pamoja kando ya kaburi, na walipoliona gari lenye uso mweupe wakalipisha njia. Ahmednur akazima injini. Feni ikasimama, upepo ukakoma, na vipepeo wakainuka kwenye chandarua wote kwa pamoja, wakashika njia yao ileile.

Wakamswalia, wakamshusha karibu na mumewe. Kiganja cha mwisho cha udongo kilipotupwa, jua lilikuwa lingali mbinguni.

Mola amrehemu aliyetangulia. Nao waliobaki, Ahmednur na Anab, Kyule na majirani wa Kyuso, na kila asikiaye habari hii, awape subira katika mwendo, kivuli katika joto, na mkono mwema wa kuwafikisha siku yao itakapowadia. Amina.