Kaka Yake Adelino

Baba yangu, Eusébio Quintela, alitoka katika ukoo wa watu wa mashua. Kwetu kule juu, kando ya mto Douro nchini Ureno, mtoto wa kiume akishaweza kusimama hupewa kasia. Baba alipenda hesabu kuliko maji. Akateremka mpaka mji wa Gaia, karibu na bahari, akiwa kijana, akaanza kwa kufagia ghala la kampuni moja ya mvinyo, akapanda polepole mpaka akawa meneja. Wenye kampuni walikaa London. Ghala, mapipa na mafundi wote vilikuwa mkononi mwake.

Ndugu yake wa pekee, baba mdogo Adelino, alibaki na mashua. Ndiye aliyeteremsha mvinyo wa kampuni kutoka mashambani. Kila alipofika Gaia aliingia jikoni kwetu miguu mitupu, akachomoa soseji kwenye sufuria ya mama, na kumwita baba bwana mkubwa wa nchi kavu. Baba alijifanya kukasirika, lakini siku hizo hata kazini alichelewa kwenda.

Mwaka mmoja mvua za machipuko hazikukatika. Mto ukavimba, mashua zikafungwa, na meli ya kampuni ikawa imekaa tu bandarini Porto, ng'ambo ya Gaia, ikingoja mzigo. Kutoka London walimsumbua baba kila mara. Mwishowe akaamua kwenda kijijini mwenyewe, nami nikafuatana naye ili nimwone bibi.

Tulimkuta Adelino ukingoni na mabaharia wake, mapipa yameshapakiwa. Bibi Perpétua, mama yao, naye alikuwapo, amewaletea mkate wa mahindi.

"Ngoja maji yapungue, kaka," Adelino alisema. "Pale kwenye maporomoko hata mawe siyaoni."

"Meli haingoji."

"Basi iende. Mvinyo si maziwa, hautaganda."

Watu wakacheka. Baba alikuwa amechoka, na nadhani kicheko kile ndicho kilichomchoma. Akasema mbele ya wote, "Marehemu baba alivuka maji makubwa kuliko haya. Wewe huo woga umeurithi kwa nani?"

Adelino akavua koti lake, akampa bibi. Kisha akawaambia wenzake wafungue kamba.

Mashua ilivunjikia kwenye maporomoko. Waliokuwa juu ya mlima waliona kasia la usukani likiruka hewani, halafu mapipa yakielea peke yake. Adelino alipatikana baadaye amenasa kwenye matawi ya mierebi. Wenzake hawakupatikana kabisa.

Baada ya mazishi, bibi alimwekea baba bakuli la supu ya kabichi. Wanawake wote waliokuwa pale walimsikia.

"Kula, bwana meneja," alimwambia. "Una safari ndefu."

Tangu siku hiyo hakumwita tena kwa jina, wala mwanangu. Baba alimtembelea kila Krismasi na blanketi na samaki wa chumvi, naye alimshukuru kwa adabu, kama anavyoshukuriwa mgeni. Akishaondoka, bibi alimpa jirani blanketi lile.

Kazi baba aliendelea nayo. Alizeeka humo ghalani, mama akafariki, nami nikabaki kumtunza. Kisha ukaja mwaka mwingine wa mafuriko. Manahodha wa mashua walileta habari kwamba mto haupitiki, na baba akawajibu wakae majumbani mwao mpaka wao wenyewe waridhike. Meli ikang'oa nanga tupu. Haukupita muda, London wakamtuma kijana mmoja mpole kumwambia kwamba umefika wakati wa kupumzika. Baba alimkabidhi funguo bila kubishana, tukafunga mizigo, tukapanda kwenda kwa bibi.

Tulifika mvua inanyesha. Macho ya bibi yalikuwa yamefunga ukungu, na akili yake ilikuja na kuondoka. Baba aliinama kuingia mlangoni, na bibi akainua uso.

"Adelino? Umelowa?"

Baba alisimama pale pale, maji yakimchuruzika. Akanitazama.

"Kidogo tu, mama," akajibu.

Ikawa hivyo. Alimlisha, akamchana nywele, akaitika jina lile asubuhi na jioni. Hata utani wa Adelino alijifunza, yeye ambaye hakuwa na utani. Mara nyingine bibi alicheka mpaka akakohoa.

Siku moja, nikiwa namenya njugu za moto karibu na moto wa jikoni, bibi aliuliza, "Na yule kaka yako, bado yuko Gaia na mapipa yake?"

"Ameacha kazi, mama."

"Mwambie aje nyumbani. Nilimnunia mno. Mwambie mama yake hana tena kinyongo naye."

"Nitamwambia."

Baba alitoka nje. Nilimfuata, nikamkuta ameshika ukuta. Nikamsihi arudi ndani amweleze kwamba yeye ndiye Eusébio, alisikie neno lile kama lake.

"Nikimwambia mimi ni Eusébio," alisema, "ataniuliza Adelino yuko wapi."

Bibi alifariki wakati wa baridi, msimu wa kupogoa mizabibu, ameshika mkono wa baba na kumwita kwa jina la nduguye. Baba aliitika kila mara. Tulimzika kando ya Adelino. Watu walimpa baba pole, akawashukuru, na kesho yake akachukua kisu akaenda kumsaidia jirani kwenye mizabibu.