Mtu wa Thelathini na Nane

Sae-rom alipokwenda kuomba fomu ya kuacha shule, hakuwa na hasira na mtu. Hakuna aliyemwonea, hakuna aliyemfia, na nyumbani baba yake alikuwa na shamba la matunda ya persimoni lililowatosha kula na kusaza. Alikuwa amechoka tu, uchovu usiotibika kwa usingizi, maana usingizi wenyewe aliupata wa kutosha darasani. Tangu hisabati ilipomshinda akiwa shule ya kati, alilaza shavu juu ya dawati kengele ikilia na kuliinua ilipolia tena. Walimu walishamzoea kama walivyolizoea dirisha lisilofunga vizuri.

Mwalimu Tak, aliyekuwa msimamizi wa darasa lao na ndiye aliyewafundisha hisabati, alimsikiliza bila kumkatiza. Akamwambia fomu ipo, ila utaratibu unataka mwanafunzi apewe kwanza wiki kadhaa za kufikiri, na kwamba muda huo ungekwisha siku chache kabla ya mtihani wa Desemba. Sae-rom akaitikia. Kufikiri na kutofikiri, kwake yalikuwa mamoja.

Habari ikavuja, maana shule ya wasichana haina siri. Kesho yake Hye-in akamjia na mkate wa krimu.

Huyu Hye-in alikuwa wa pili katika hisabati shule nzima, msichana wa kwenda tuisheni kutoka lango la shule moja kwa moja, aliyetaka udaktari tangu akiwa mdogo. Mwaka mzima hakuwahi kumsemesha Sae-rom, hata kumwomba kifutio. Siku hiyo akavuta kiti, akakaa.

"Umekula?" akamwuliza. "Nimeona tufanye mazoezi pamoja, mimi na wewe. Kila siku baada ya chakula, pale ngazi za maktaba."

Sae-rom akautazama mkate, akamtazama Hye-in, akajua.

Daraja la kwanza pale shuleni halikutolewa kwa kujua. Lilitolewa kwa kuwapita wenzako, tena kwa asilimia nne tu ya waliosoma somo. Wao walikuwa thelathini na nane. Asilimia nne ya thelathini na nane inazidi mtu mmoja na nusu kwa chembe, na chembe hiyo inatosha kuipandisha hadi wawili. Toa mtu mmoja, yeyote yule, hesabu inaanguka chini ya nusu na daraja la kwanza linabaki la mtu mmoja. Huyo mmoja angekuwa Ga-eun, ambaye hakuna aliyewahi kumpita. Waliolala darasani wenzao waliwaita sakafu, kwa sababu walio juu walisimama juu yao. Sae-rom alikuwa sakafu miaka mingi na hakuna aliyemletea mkate. Ilibidi sakafu itake kuondoka ndipo watu waione.

Hata hivyo akaenda kwenye ngazi za maktaba. Hakuwa na pengine pa kwenda, na mkate ulikuwa mtamu.

Hye-in alifundisha kwa haraka, bila huruma wala dharau. Alianza na mambo ya watoto, vipeo na mabano, akapanda hadi kwenye logi. Sae-rom akaandika alichoambiwa aandike. Siku za mwanzo hakuhisi chochote, ni mkono tu uliokuwa ukifanya kazi. Halafu jioni moja nyumbani, baba yake akimenya persimoni za kukausha, alijikuta ametoa karatasi ya maswali bila kuambiwa na mtu. Baba yake aliiona, akaendelea kumenya. Alikuwa mtu wa kunyamaza, na safari hii Sae-rom alishukuru.

Swali lililomsumbua lilikuwa la logi ya eksi, ujumlishe logi ya eksi kutoa tatu, jumla iwe moja. Alilifumbua vizuri tu: likawa mlinganyo wa kipeo cha pili, ukatoa tano na hasi mbili. Na kila mara aliandika majibu yote mawili, na kila mara Hye-in alikata moja kwa kalamu nyekundu.

"Hasi mbili imepatikana kihalali," Sae-rom alisema siku moja. "Sijakosea popote."

"Hujakosea. Lakini logi haipokei hasi. Kabla hujagusa chochote, uliza kwanza ni nani anaruhusiwa kuingia mle ndani."

Sae-rom akaitazama ile hasi mbili iliyokatwa. Ndipo alipouliza, kwa sauti ileile ya kuulizia swali linalofuata, "Unanifundisha kwa sababu ya idadi, sivyo?"

Hye-in hakubabaika. "Ndiyo. Ukiondoka tunabaki thelathini na saba. La kwanza atachukua Ga-eun, mimi napata la pili, na kwa la pili udaktari nitausikia kwa majirani." Akakunja karatasi ya mkate ikawa ndogo kabisa. "Umekasirika?"

"Sijui," alisema Sae-rom, na ndivyo ilivyokuwa.

"Basi fanya linalofuata."

Akafanya. Angalau hakudanganywa, na hilo peke yake lilikuwa zaidi ya alilokuwa amepata kwa wengine, waliokuwa wakimtabasamia koridoni kama jamaa zake wa damu. Muda wa kufikiri ulipokwisha, Mwalimu Tak alimwita. Sae-rom akamwambia atajaza fomu baada ya mtihani. Mwalimu akasema haya, kama alivyokuwa akisema kwa kila kitu.

Mtihani ulikuja, ukapita. Swali la logi lilikuwemo, namba zimebadilishwa. Sae-rom alipata majibu mawili, akauliza ni nani anaruhusiwa kuingia, akakata moja. Matokeo yalipotoka alikuwa amepata daraja la saba kati ya tisa, yeye aliyezoea la tisa. Hye-in alipata la kwanza. Darasa lilimpigia makofi, naye akacheka huku akifuta machozi, na Sae-rom akapiga makofi pamoja nao.

Siku iliyofuata, siku ambayo shule iliwaachia mapema baada ya chakula, Sae-rom alikwenda kwenye ngazi za maktaba. Alikuwa na karatasi ya mfuatano wa namba, sura ambayo hawakuifikia, na swali la saba lilikuwa limemkatalia. Alikaa pale mpaka baridi ya saruji ikampenya. Hye-in alipopita chini na wenziwe, alimwita.

"Leo hatufanyi?"

Hye-in akamshangaa kwa dhati, wala hakuwa na ubaya. "Mtihani si umeisha?"

"Najua. Kuna namba saba siielewi."

"Nina tuisheni," alisema Hye-in, akaangalia saa, na kusema kweli alikuwa nayo. "Umenisaidia sana, Sae-rom. Asante." Akaondoka na wenziwe, wakizungumzia filamu.

Iliuma. Sae-rom alikaa akiushangaa uchungu wenyewe, kwani alikuwa akijua tangu siku ya mkate, na bado uliuma kifuani, mahali ambapo kwa muda mrefu hapakuwa na kitu. Akalia kidogo, akapenga kamasi, akaenda ofisi ya walimu.

Mwalimu Tak alipomwona akatoa fomu bila kuulizwa, akaiweka mezani pamoja na kalamu. Sae-rom akakaa. Hakuishika kalamu.

"Mwalimu, nikiondoka leo, kuna mtu atashuka daraja?"

Mwalimu Tak alidhani anamhurumia mtu. "Hapana, usiwe na wasiwasi," akasema. "Madaraja yameshafungwa, na mwaka ujao mnachanganywa upya. Hakuna atakayepoteza kitu."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja. Ukienda, ukibaki, ni kwako mwenyewe tu."

 Sae-rom akaisukuma fomu irudi upande wa mwalimu.

"Basi nabaki," akasema.