Ukumbi Uliolipita Katapila

Jumamosi asubuhi Shangazi alikuwa jukwaani akipiga pasi joho la mfalme. Pasi ilikuwa ya mkaa, kwa sababu umeme ulikuwa umeondoka katikati ya wiki bila kuaga, na joho lenyewe lilikuwa pazia la zamani ambalo lingeungua hata ukilitazama vibaya. Alilitandikia kitambaa chenye maji, akapitisha pasi taratibu. Nje katapila lilifika, likazima injini, likasubiri.

Mtaa mzima ulimwita Shangazi, hata watu waliomzidi umri. Yeye na marehemu mumewe ndio walioanzisha kikundi cha maigizo katika ukumbi ule, na tangu mumewe afariki aliishi chumba cha nyuma ya jukwaa, pamoja na mataji, ndevu za pamba na panga za mbao. Sasa kiwanja kilikuwa cha Diwani. Kilimfikiaje, hakuna aliyeelewa, ila hati zilikuwa safi na mihuri yote ilikuwepo, na ukumbi ulitakiwa kuvunjwa jioni ile ili pawe maegesho ya magari. Shangazi aliomba jambo moja tu, kwamba mchezo wa alasiri uchezwe kwanza. Diwani alikubali. Alisema yeye si mnyama.

Ukumbi ule ulikuwa na tabia ya kuinuka. Mchezo ukiwa mzuri, kuta na sakafu vilijibandua kwenye msingi, vikapanda kidogo, vikakaa hewani mpaka watu wamalize kupiga makofi. Hakuna aliyejishughulisha sana na jambo hilo isipokuwa Muuza Kuku, aliyepanga matenga yake nje ukutani, na ambaye ndiye aliyekuwa mpimaji. Mchezo ukiwa wa hivi hivi, panya aliweza kupita chini ya ukuta. Ukiwa mzuri, Muuza Kuku alisukuma kuku mmoja, na kuku akitokea upande wa pili na manyoya yake yote, habari zilifika sokoni kwamba wiki hii kuku kapita. Mbuzi alipita mara moja tu, zamani, mume wa Shangazi alipoigiza kipofu anayerudi nyumbani. Waliokuwepo siku hiyo hujiona watu wa daraja la juu mpaka leo.

Kwa hiyo hesabu ya Shangazi ilikuwa fupi. Katapila ni refu kuliko mbuzi.

Tatizo lilikuwa mfalme. Mfalme aliigizwa na Kinyozi, mtu mwema, mwenye mkono mwepesi kwenye wembe, lakini akivaa taji alipiga kelele kama anayemwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Alitoa macho. Alipotakiwa kufa, alikufa mpaka watu wakaanza kuulizana saa. Mchezo aliotawala yeye haukuwahi kuvuka panya, na hata huyo panya, kwa maelezo ya Muuza Kuku, ilibidi ainame. Lakini mfalme mwingine hakuwepo. Joho lilikuwa limeshonwa kwa kipimo chake.

Alasiri watu walijaa mpaka madirishani. Diwani alikaa mstari wa mbele kwenye kiti cha plastiki kilichofutwa mara mbili. Dereva wa katapila alibaki nje kwenye usukani, kijiko kimeuelekea ukuta. Mchezo ulikuwa ule wa mfalme anayetaka kuvunja nyumba ya mjane ili awajengee farasi wake banda. Mjane aliigizwa na Mkunga, aliyekuja moja kwa moja kutoka zahanati, bado ananukia sabuni ya dawa.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Watu walicheka panapochekesha, kuku akapita, Muuza Kuku akatangaza dirishani. Kisha ikafika zamu ya mfalme kutoa hukumu. Maneno yake yalikuwa machache: "Vunjeni. Hana mtu." Kinyozi alifungua kinywa, macho yake yakagongana na ya Diwani, akakumbuka kwamba kibanda chake cha kunyolea kimesimama pale kilipo kwa ruhusa ya mtu huyo. Akasema kwa sauti kubwa kwamba serikali yake tukufu inawajali wajane wote, na mipango iko mbioni.

Ukumbi ulishuka. Ulitua kwenye msingi kwa kishindo, mataji yakaporomoka chumba cha nyuma, na kuku aliyekuwa njiani kurudi akabanwa mkia, akalalamika kwa muda mrefu. Dereva alidhani hiyo ndiyo ishara, akawasha injini.

Shangazi alitoka nyuma ya pazia na pasi mkononi. Maisha yake yote hakuwahi kusimama jukwaani mbele ya watu. Yeye alikuwa wa sindano na pasi. Watazamaji walidhani ni sehemu ya mchezo, wakatulia. Alimnyooshea Kinyozi taji kichwani, kisha akamsemesha polepole, kama anayemweka sawa kola.

"Kaka, kile kichwa cha mbele pale si unakinyoa wewe?"

"Kila Ijumaa, Shangazi."

"Na mkono hautetemeki?"

"Ukitetemeka si nitamkata."

"Haya. Basi sema hivyo hivyo."

Akarudi nyuma ya pazia. Nje katapila lilikuwa limeanza kusogea. Kinyozi alikuwa na sauti moja ambayo mtaa mzima uliijua ila haukuwahi kuisikia jukwaani, ile ya kuinamia sikio la mteja na kumwomba ageuze shingo kidogo. Akaitumia hiyo.

"Vunjeni," alisema. "Hana mtu."

Hakutoa macho. Watu wa mistari ya nyuma walisogea mbele ili wasikie, na wote walisikia.

Mazoezini, Mkunga alikuwa akipiga magoti hapo na kulia. Siku hiyo alibaki wima. Alimtazama mfalme kama anavyomtazama mgonjwa aliyecheleweshwa nyumbani, kisha akasema maneno ambayo hayakuwemo kwenye mchezo:

"Usiku uliozaliwa wewe hatukuwa na taa. Nilikupokea kwa kupapasa. Hata ningejua utakuwa mfalme ningekupokea tu, maana gizani wote mnateleza sawa."

Kila mama aliyekuwemo alilijua giza hilo. Zahanati ilikuwa haina taa bado, na Mkunga alizalisha huku ameibana simu kwa meno, tochi ikimulika panapohusika. Hakuna aliyepiga makofi. Ukumbi ukaanza kupanda.

Ulipanda bila haraka. Ulipita kimo cha kuku, ukapita cha mbuzi, na pale ambapo ng'ombe angepita bila kuinamisha pembe, kijiko cha katapila kilifika, kikasukuma hewa. Dereva alikisukuma mara ya pili ili ahakikishe, kisha akazima injini. Akamuuliza Muuza Kuku kimo hicho kinaitwaje. Muuza Kuku alisema hakina mnyama wake, ampe muda afikirie. Basi dereva akapanda juu ya paa la katapila, akabandika sikio kwenye mbao za sakafu, na kwa kuwa mwanzo ulimpita, akawa anauliza chini mjane huyu ni nani na kamkosea nini mfalme.

Ndani, Diwani alilia. Alilia kwa mabega, akamaliza leso yake na ya jirani. Alipolia ukumbi ulipanda zaidi, kwa sababu ukumbi haukuwa na ubaguzi. Shangazi alimwona kupitia tundu la pazia, na pasi ikampoa mkononi. Alijiambia kwamba yamekwisha. Mtu aliyelia namna ile atavunjaje?

Mchezo ulipokwisha makofi yaliendelea mpaka viganja vikauma, na hata yalipokoma ukumbi ulibaki juu. Watu waliimba, wakachungulia madirishani na kuonyeshana mapaa ya nyumba zao, ambayo kutoka pale yalionekana madogo na yenye kutu, na kila mmoja akadai lake ndilo zuri. Kinyozi alibebwa juu juu. Taji lilimfunika jicho moja, naye, kwa mara ya kwanza tangu aanze kuigiza, hakujua aweke wapi uso.

Diwani aliteremshwa kwa kijiko cha katapila. Kabla ya kuingia humo alimshika mkono kila mwigizaji, akahutubia kidogo juu ya umuhimu wa sanaa, akamwambia Mkunga kwamba amemgusa mahali ambapo hakujua kama anapo. Mkunga alimuuliza kuhusu taa za zahanati. Diwani alisema mipango iko mbioni. Alipofika chini akapenga kamasi, akamwonyesha dereva pa kuanzia.

Msingi ulivunjwa jioni ile ile, pamoja na ngazi za mbele. Baadaye ikaja lami, ikaja mistari myeupe, yakaja magari, yakaegeshwa chini ya ukumbi kwenye kivuli kizuri. Shangazi aliyatazama kutoka dirishani mpaka chai yake ikapoa. Kisha akachukua sindano, kwa sababu joho lilikuwa limechanika kwapani Kinyozi alipokuwa akibebwa.

Ukumbi haujarudi chini. Seremala aliunga ngazi ndefu, na Jumamosi watu hutoka kwenye foleni ya maji, huacha ndoo tupu miguuni pa ngazi, hupanda. Muuza Kuku, aliyepoteza ukuta wa kuegemea, alihamishia matenga pembeni mwa jukwaa, na kuku wake hutaga wakati wa nyimbo. Mkunga humaliza zamu, huja akawa mjane, kisha hurudi gizani kwake akitembea kama mtu aliyekula akashiba.

Ila ukumbi una tabia zake. Mchezo ukilegea, unateremka kidogo na kukwaruza mapaa ya magari. Gari la Diwani ndilo la kwanza kupata alama, na tangu hapo hakuna mpenzi mkubwa wa sanaa mjini kumzidi. Kila Ijumaa humtuma dereva wa gari lake kupanda ngazi kuuliza kesho kuna mchezo gani, na kama waigizaji wamekula vizuri.

Ijumaa iliyopita dereva alimkuta Shangazi jukwaani, pasi ya mkaa mkononi, joho mbele yake.

"Mwambie kesho ni vichekesho," Shangazi alisema bila kuinua macho. "Mfalme ni Kinyozi, na nimemruhusu afe anavyotaka. Aondoe gari."