Kesi ya Mpunga Chonyonyo

Lile shamba la kahawa juu ya Chonyonyo lilikuwa la mlowezi mmoja wa Kidachi ambaye homa ilimchosha, akarudi kwao. Nyumba yake kubwa ya matofali serikali ikaifanya chuo cha bweni kwa wana wa wakungu, wale wakuu waliotawala vijiji kwa niaba ya mtemi. Vijana hao ndio wangetawala kesho. Walikuja kutoka Mabira na Bugomora, kila mmoja na watumishi wake, mikeka yake, na maoni yake kuhusu nani anastahili kukaa mbele. Mwalimu wao, Seif, mtu wa Pangani, aliwafundisha kusoma, kuandika, Kiswahili na kuamua mashauri.

Bondeni, chini ya chuo, aliishi Mwanamisi, mke wa Gharib muuza nguo. Mumewe alikuwa safarini Bukoba, na binti yao Mwaja alikuwa ameshaposwa. Mwanamisi aliapa kwamba wageni wa harusi watakula wali uliotoka kwenye tope lake mwenyewe. Mbegu aliletewa na dada yake kutoka Tabora. Akalima kando ya kijito, akazungushia ua wa fito, akawa anaamka na kulala na mpunga wake.

Mpunga ulikuwa karibu kutoa masuke wakati ng'ombe wa Katunzi walipovunja ua. Katunzi alikuwa mwanafunzi kutoka Bugomora, kijana mrefu mwenye haya, aliyekuja chuoni na ng'ombe wake wa maziwa kwa sababu kwao chakula chake kilikuwa maziwa. Ng'ombe wakala upande mmoja wote wa shamba, na walipotosheka wakalala juu ya uliobaki.

Mwanamisi alipanda kilima akihema, buibui begani, akamkuta Mwalimu Seif barazani.

"Mwalimu, mwite huyo mwenye ng'ombe. Umwonye mbele yangu, nami nirudi nikazibe ua wangu."

Seif alisimama, uso umemng'aa. "Bi Mwanamisi, umeletwa na Mungu! Hawa tangu waje wanaamua kesi za kubuni. Leo tumepata ya kweli!"

"Mimi sikuja kuchezewa, Mwalimu."

"Si mchezo hata kidogo. Kesho asubuhi, tafadhali."

Kesho yake asubuhi nzima ikaishia kwenye viti. Kulikuwa na kiti kimoja cha mlowezi chenye mikono, na kila mwana wa mkungu alikuwa na ukoo uliomstahilisha kukikalia. Walipokubaliana kiti kikae kitupu, jua lilikuwa la utosini na shauri likaahirishwa.

Mwanamisi aliporudi tena, Rwamugira wa Mabira, aliyechaguliwa kuwa msemaji wa baraza la wanafunzi, alimkatiza mara tu alipofungua kinywa kwa Kinyambo, lugha ya wenyeji.

"Hapa ni Kiswahili tu. Ndiyo amri ya chuo."

"Sawa, baba," alisema Mwanamisi, ambaye Kiswahili alikinyonya kwa mama yake. Akaeleza yote: mpunga, ua, ng'ombe, harusi. Vijana wakatikisa vichwa kwa uzito mkubwa. Kisha wakainamiana, wakanong'onezana kwa Kinyambo, na Rwamugira akatangaza kwamba baraza limeelewa, ila lingependa mlalamikaji arudie, polepole.

Akarudia. Wakatikisa vichwa tena.

"Na ua," alisema Rwamugira, "usiuguse mpaka tuje kuukagua. Ndio ushahidi."

"Nisizibe? Na ng'ombe je?"

"Ng'ombe wataagizwa wangoje."

Mwanamisi alimtazama Mwalimu Seif. Mwalimu alikuwa anatabasamu kama baba wa mtoto anayeanza kutembea.

Ng'ombe hawakungoja. Waliingia tena, wakamaliza upande wa pili. Wakaguzi hawakuja, kwa sababu hawakukubaliana nani atangulie njiani. Mwanamisi akapanda kilima, akashuka, akapanda. Mara msemaji ana kikohozi, mara wanajadili kama mke wa mfanyabiashara anaweza kufungua kesi wakati mumewe yuko safarini. Usiku alimwambia Mwaja, "Mwanangu, wakishika nchi hawa, tuhame."

Mwishowe akachoka. Ng'ombe walipoteremka tena bondeni, aliwaswaga uani kwake, akafunga lango kwa kamba, akaketi mbele yake na fimbo.

Kesho yake, jua likianza kuwaka, Katunzi akaja peke yake, bila mtumishi. Midomo ilikuwa imemkauka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Baraza limekutuma?"

"Hapana, mama. Njaa."

Mwanamisi alitaka kumfokea, lakini sauti ile ilimzuia. Alimkamulia mmoja wa ng'ombe hao hao, akampa kibuyu. Katunzi alipomaliza kunywa, Mwanamisi akamshika mkono akamvuta mpaka kando ya kijito.

"Tazama. Tazama ulichonifanyia."

Katunzi alitazama tope na mashina yaliyopondwa. "Mama, ni nyasi hizi."

"Nyasi? Ni mpunga! Mpunga! Koo limenikauka kuutaja huko juu!"

"Mpunga ndio nini?"

Mwanamisi alimgeukia. "Wali unaujua?"

"Nimeula kwa Mwalimu, siku ya sikukuu." Akayageukia tena mashina, na Mwanamisi akaona uso wake ukibadilika. "Ndio huu? Unaota?"

"Na wenzako? Na Rwamugira? Wote wale waliokuwa wanatikisa vichwa?"

"Hakuna anayejua, mama. Tuliona aibu kuuliza."

 Mwanamisi alitamani kulia, akatamani kucheka, akaishia kupiga fimbo chini.

Walipanda kilima pamoja. Mbele ya baraza Katunzi alisema ng'ombe ni wake, kosa ni lake, atalipa fahali kwa ajili ya harusi, na ua ataujenga kwa mikono yake.

Rwamugira aliruka. "Huwezi! Mshtakiwa hajihukumu! Mimi hata sijatoa maoni yangu!"

"Kweli kabisa," akasema mwingine. "Na fungu la waamuzi katika huyo fahali?"

Kelele zikapanda. Mwalimu Seif aligonga meza, akagonga tena, hakuna aliyemsikia. Alimgeukia Mwanamisi, na kwa mara ya kwanza tabasamu lilikuwa limemtoka.

"Nisamehe, Bi Mwanamisi," alisema. "Nenda tu."

Mwanamisi alimgusa Katunzi bega. "Twende, mwanangu. Unajua kukata fito?"

"Sijui."

"Utajua leo."

Wakateremka bondeni. Walianza kwenye pengo kubwa, yeye akishikilia fito, Katunzi akifunga kamba vibaya, akifungua, akifunga tena. Kutoka juu kilimani sauti za waamuzi zilikuwa bado zinafika, zikibishana kwa Kiswahili kibovu, kisha kwa Kinyambo, kisha kwa vyote viwili.

"Kaza hapo," alisema Mwanamisi.

Katunzi akakaza.